Maumivu yamepungua, lakini kandambili inanitoka mguuni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 47, na nashona nguo hapa Tanga tangu nikiwa binti. Riziki yangu kubwa ni sare za shule. Kuanzia Oktoba mpaka shule zinapofunguliwa Januari huwa sinyanyui kichwa, na mwaka huu nimepata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata.

Mwezi wa tatu niliamka shingo imekaza. Nikadhani nimelalia vibaya. Baada ya siku mbili maumivu yakashuka bega la kulia, yakapita nyuma ya mkono mpaka kidole cha kati. Hayakuwa maumivu ya kuchoka, yalikuwa kama mtu ananipitishia waya wa moto. Nikikohoa yanapiga. Nikigeuza shingo kulia yanapiga. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, mkono nimeuweka juu ya kichwa kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, maana hivyo tu ndivyo nilivyopata nafuu.

Zahanati walinipiga picha ya eksirei, wakasema pingili zimesagika, wakanipa diklofenaki na sindano kumi za vitamini B. Nafuu ikaja, ikaondoka. Mwezi wa saba binamu yangu akanishauri niende Dar es Salaam nikapigwa MRI. Nikakopa kikundi, nikaenda. Daktari aliangalia picha kwenye kompyuta akasema diski mbili zimetokeza na zinabana, natakiwa kupasuliwa shingo. Akanitajia kiasi. Hakuniuliza mengi, na mimi kwa hofu sikuuliza.

Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Mume wangu anataka tuuze kiwanja chetu cha Pongwe. Kiwanja kile nilikinunua kwa hela ya cherehani, shati kwa shati, kwa ajili ya watoto. Mama mkwe hataki kusikia habari ya kisu. Anasema anamjua mtu aliyepasuliwa mgongo na mpaka leo anasukumwa kwenye kiti. Yeye anataka nipelekwe Muheza kwa mzee anayechua na kunyoosha shingo, anayesifiwa sana. Wifi yangu anasema hii ni husda ya watu walioikosa oda ya sare.

Mimi mwenyewe nilitaka kungoja, kwa sababu tangu Agosti maumivu yamepungua sana. Kilichobaki ni ganzi, na vidole vimekuwa vizito. Kutunga uzi kwenye sindano kunanichukua muda, na vifungo siku hizi namwachia binti ninayemfundisha kazi. Kuna jambo jingine dogo ambalo sijamwambia mtu. Kandambili ya mguu wa kulia inanitoka nikitembea na sijui mpaka nikanyage mchanga. Nilidhani imelegea, nikanunua nyingine, nayo inatoka. Na cherehani yangu ni ya miguu. Nimeikanyaga miaka 25 bila kuifikiria, lakini mwezi huu mguu unapoteza mwendo, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Labda ni uchovu.

Shangazi, nikubali kiwanja kiuzwe? Niende Muheza ili mama mkwe aridhike? Au ningoje Januari nimalize sare kwanza?

Fundi wa Sare, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama ulivyoiandika, habari ya kiwanja, mama mkwe na oda ya sare. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, na nikapiga mstari chini ya neno moja. Neno hilo ni kandambili. Nitalifikia, naomba univumilie kidogo.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, miaka mingi, watu wa shingo na mgongo nimewashika kwa mikono yangu. Lakini mimi si daktari mpasuaji, na barua haiwezi kuchukua nafasi ya kupimwa. Nitakayokuambia ni ya kukusaidia uulize vizuri.

Kama nimekuelewa, unaniambia una mambo matatu mbele yako, na kila moja lina mtu wa nyumbani anayelivuta. Mume anavuta operesheni, mama mkwe anavuta Muheza, wewe unavuta muda. Nyote mnabishania ugonjwa mmoja, yaani ule waya wa moto wa mwezi wa tatu. Mimi ninavyosoma, kuna mambo mawili ndani ya barua hii, na la pili bado halijakaa mezani.

Tuanze na la kwanza. Shingo ina pingili 7, na kati yake hutoka jozi 8 za mishipa ya fahamu zinazokwenda mabegani, mikononi na vidoleni. Kila mshipa una njia yake, kama daladala na ruti yake. Wa sita huishia kwenye kidole gumba na cha shahada. Wa saba hupita nyuma ya mkono ukaishia kidole cha kati. Wa nane huenda kidole kidogo. Wewe umeniandikia nyuma ya mkono mpaka kidole cha kati, na hiyo ni njia ya wa saba, ambao ndio hubanwa zaidi ya wengine shingoni. Ukaniandikia kwamba kukohoa na kugeuza shingo kulikuwa kunayapandisha maumivu, na kuweka mkono juu ya kichwa kulikuwa kunayashusha. Mkono ukiwa juu, mshipa hulegea, haukuvuti. Sisi wa kazi hii huliuliza hilo kwa makusudi, wewe umeligundua mwenyewe usiku wa manane bila kufundishwa na mtu.

Nakueleza haya ili uone kwamba mgonjwa anayesimulia vizuri ameshafanya nusu ya uchunguzi. Ungeniambia ganzi inakuamsha usiku, iko kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na ukikung'uta mkono inaondoka, ningefikiria mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, maana mafundi cherehani wengi wanao huo. Ungeniambia ni kidole kidogo, na inazidi ukikunja kiwiko, ningeangalia kiwiko. Shingo ingekuwa imesingiziwa.

Sasa hiyo MRI. Eksirei huonyesha mifupa tu; mishipa ya fahamu na diski, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili, haivioni. MRI huviona, na ni kipimo kizuri sana. Lakini picha pekee haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Mwaka 2015 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya watu 1,211 wasio na dalili yoyote ya shingo, waliopigwa MRI. Asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizotokeza. Hao ni watu wazima wa afya, wanaofanya kazi zao. Kwa hiyo diski kutokeza kwa mtu wa miaka 47 si ajabu. Swali ni kama kilichoonekana kwenye picha kinalingana na kilichopo mwilini, na hilo hujulikana kwa kumshika mgonjwa.

Hapo ndipo pananisumbua. Katika barua yako yote sijamwona mtu aliyekugonga goti kwa kinyundo. Sijamwona aliyekuambia usukume mkono wake, ubane vidole vyake, utembee akuangalie. Labda walifanya na hukuandika. Kama hawakufanya, basi uchunguzi wako haujaisha, hata kama umeshalipia picha.

Na ulipotaka kungoja, mwanangu, hukuwa na makosa. Katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, walifuatiliwa wagonjwa 561 wa mishipa iliyobanwa shingoni, waliogunduliwa kati ya 1976 na 1990. Robo hivi walipasuliwa. Walipoangaliwa mara ya mwisho, asilimia 90 ya wote hawakuwa na dalili au walikuwa na usumbufu mdogo tu. Kwa mshipa mmoja wa mkono, muda, mazoezi yanayosimamiwa na dawa za maumivu kwa uangalifu huwa vinatosha kwa watu wengi. Barua yako ingeishia Agosti, ningekuandikia ukurasa wa mazoezi na kukutakia kheri.

Lakini haikuishia Agosti. Ndipo tunafika kwenye kandambili.

Mshipa wa saba wa shingo hauendi mguuni. Hauna njia ya kufika huko. Mguu ukianza kupoteza kiatu bila kujua, na kukosea mwendo wa pedali ulioukanyaga miaka 25, na wakati huohuo vidole vikawa vizito kwenye vifungo, lazima mtu aulize kama kinachobanwa si tena tawi, ila shina lenyewe: ile kamba kuu ya fahamu inayoteremka kutoka kwenye ubongo, katikati ya pingili, ikibeba habari za mikono, miguu na haja zote mbili. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema lazima liulizwe, na liulizwe na mtu mwenye kinyundo mkononi.

Na hapa naomba tuliangalie pamoja lile ulilolichukua kama habari njema. Umesema maumivu yamepungua, kwa hiyo unapona. Kwa mshipa wa mkono inaweza kuwa kweli. Kwa kamba kuu, maumivu si kipimo. Kamba hiyo hubanwa bila kuuma. Inachofanya ni kunyang'anya ufundi kidogo kidogo, leo kifungo, kesho ufunguo mlangoni, keshokutwa ngazi. Watu wengi huwa vilevile kwa miezi, kisha wanateremka kidato kimoja, wanakaa tena, wanateremka kingine. Ninao ninaowakumbuka waliofika wamechelewa kwa sababu moja tu, kwamba hawakuumwa. Inaniuma mpaka leo.

Jioni moja, kaa na yule binti unayemfundisha. Nyoosha mikono mbele, viganja chini, kunja ngumi na kufungua kabisa, haraka uwezavyo, kwa sekunde 10, yeye ahesabu. Mtu mwenye afya hufika 20 au zaidi. Fanyeni wote wawili, andika hesabu zenu. Kisha tembea hatua kumi ukigusisha kisigino cha mguu mmoja kwenye vidole vya mwingine, ukuta ukiwa karibu na binti yuko ubavuni asije akakuacha ukaanguka. Andika pia kama ukiinamisha kichwa kuna shoti ya umeme inayoshuka mgongoni. Hivyo si vipimo vya kujitibia. Ni habari za kumpelekea daktari, na ikitokea hesabu yako ni nzuri, bado uende, kwa sababu ya mguu.

Daktari naye anayo ya kwake. Atagonga magoti na viwiko aone kama mwili unaruka kupita kiasi. Atadunda ukucha wa kidole cha kati aone kama kidole gumba kinajikunja chenyewe. Atakwaruza unyayo aone kidole gumba cha mguu kinainuka au kinainama. Vyote havizidi robo saa na havihitaji umeme. Mwombe. Sema hivi: "Daktari, naomba unipime mikono na miguu, mguu umeanza kupoteza kiatu." Sentensi hiyo ianze kabla hujatoa bahasha ya MRI. Ukiitanguliza bahasha, macho yote yatahamia huko.

Kuna mengine ya kuyaondoa njiani. Sukari, hasa kama iko kwenye ukoo wenu, nayo huleta ganzi miguuni, ila mara nyingi huanza nyayo zote mbili sawasawa. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuiharibu kamba hiyohiyo, na damu inapimwa. Na kwa nchi yetu siachi kuuliza kifua kikuu cha uti wa mgongo: je, umepungua uzito bila sababu, unatokwa jasho usiku, una homa za jioni? Ukiwa nayo, taja. Zile sindano za vitamini B, kama upungufu haupo, hazina uwezo wa kurudisha diski mahali pake, na vidonge vya B6 kwa wingi na kwa muda mrefu vyenyewe huleta ganzi. Diklofenaki nayo usiifanye chakula. Inachoma tumbo, inachosha figo, inapandisha presha.

Sasa turudi kwa wale watu wako watatu.

Mama mkwe. Usimwone adui. Yule mtu wa kwenye kiti anayemkumbuka ni mtu kweli, na hofu yake ni ya kukupenda. Lakini huenda mtu yule alikuwa tayari hawezi kutembea kabla ya kisu, hilo hatulijui. Kuchuliwa mabega kwa mafuta ya nazi na mikono laini sina ugomvi nako, misuli iliyokaza hulegea. Kunyonga shingo mpaka ilie ndiko kunakonitia hofu, kwa mtu yeyote, na zaidi kwa mtu ambaye kamba yake haijachunguzwa. Shingoni pia kuna mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ikichanika, kiharusi huweza kufuata. Unaweza kumwambia hivi: "Mama, nipe kwanza nikapimwe, nijue shingo yangu inaruhusu nini." Hapo umemheshimu, na shingo umeilinda.

Mume wako. Umeniandikia anataka kuuza kiwanja kama mtu anayekupokonya. Labda. Lakini jiulize kama si mtu aliyeogopa, akashika kitu pekee alichokiona kina uzito wa kulipa. Yeye hajui habari ya kandambili. Anafanya uamuzi mkubwa wa nyumba yenu huku nusu ya habari umeifungia kabatini.

Wifi simlaumu. Ugonjwa ukikosa maelezo, watu huutafutia mwenyewe. Duwa haikatazi kinyundo, vifanyike vyote.

Kuhusu kisu, sitakuambia uza wala usiuze, kwa sababu swali hilo halijaiva. Kama ni mshipa wa mkono peke yake, na unaendelea kupoa, huenda kiwanja kikabaki kilivyo. Kama ni kamba kuu, uzito unabadilika: hapo operesheni hufanywa hasa kuzuia kuteremka zaidi, na ukipoteza mengi kabla yake, si yote yatakayorudi. Huo ndio ukweli unaoufanya muda uwe ghali. Mara nyingi wapasuaji huingilia mbele ya shingo, wanaondoa diski inayobana, wanaunganisha pingili. Sauti inaweza kukauka kwa muda, kumeza kunaweza kuwa kugumu, kuna hatari ya damu, ya maambukizi, na hatari ndogo lakini nzito ya kuumiza kamba yenyewe. Muulize mpasuaji amefanya ngapi, anatarajia kipi kirudi na kipi kisirudi, na nini kitatokea usipofanya.

Na kiasi ulichotajiwa si bei pekee iliyopo nchini. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, hapohapo Tanga, uombe barua ya rufaa kwa madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya kazi hii ya uti wa mgongo. Bima kama unayo, ulizia inagharamia nini. Kama huna, hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, ingia uzungumze nao kabla hujaita dalali wa viwanja. Picha zako za MRI zibebe, hazijapotea bure. Ni jicho la pili tu linalohitajika, na mikono.

Januari je? Najua oda hiyo ni nini kwako. Lakini umeniuliza, nami nakujibu kwa moyo wangu wote: kungoja sare ziishe ndilo chaguo ninaloliogopa kuliko yote uliyoyataja, maana ndilo pekee linalokwenda lenyewe bila mtu kuamua. Kupimwa ni siku mbili tatu. Nenda wiki hii. Na kama kabla ya hapo mkojo utaanza kukataa au kuponyoka, au sehemu ya kukalia ikafa ganzi, au miguu ikalegea ghafla, usingoje asubuhi wala foleni ya kliniki, nenda mapokezi ya dharura saa hiyohiyo.

Mpaka upimwe, ukishona panda meza kidogo ili kazi ije usawa wa macho, shingo isiiname saa nzima. Kila nusu saa simama. Usibebe ndoo kichwani. Zile kandambili zipumzishe, vaa ndara za kufunga kisigino, hasa usiku ukienda uani. Binti aendelee na vifungo, na kama kuna fundi jirani unayemwamini, mgawie mashati hamsini sasa kuliko kumgawia oda nzima baadaye.

Na leo, watoto wakishalala, mwite mume wako ukumbini. Vaa ile kandambili, tembea mbele yake kutoka mlangoni mpaka jikoni, aone mwenyewe inavyokutoka. Kisha niandikie. Nitataka kujua ulihesabu ngumi ngapi, na magoti yalisema nini yalipogongwa.

Shangazi